Mtangulizi

Somo: Waebrania 6:19-20

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii neno moja limekataa kunitoka: mtangulizi. Waraka kwa Waebrania unamwita Yesu hivyo, mara tu baada ya kuitaja nanga ya roho. Nanga ikanipeleka baharini, kwenye meli ya kivita ya Marekani iliyoitwa Osprey.

Osprey ilikuwa meli ya kufagia mabomu ya baharini. Meli ya aina hiyo huburuta majini waya mrefu wenye vikatio. Bomu lililofungwa kwa kamba ya chuma hadi chini ya bahari hukatwa, likaibuka juu, na mabaharia wakalipiga risasi. Meli hizi huenda kwa mshazari, kila moja ikipita kwenye maji yaliyokwisha kufagiwa na mwenzake. Isipokuwa ile ya kwanza. Hiyo hupita mahali ambapo hakuna aliyefagia.

Tarehe 5 Juni 1944, siku moja kabla ya majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao kushuka Normandy, pwani ya Ufaransa, katika Vita vya Pili vya Dunia, Osprey ilikuwa kati ya Uingereza na Ufaransa, mbele ya jeshi zima. Yapata saa 11 jioni ikagonga bomu. Ubavu ukatoboka kwenye chumba cha injini, moto ukawaka, na saa moja hivi baadaye wakaamriwa kuiacha. Mabaharia 6 walikufa. Kesho yake ilikuwa bado haijafika.

Wenzao waliendelea kufagia usiku kucha. Njia zilizosafishwa zikawekewa maboya yenye taa, na maelfu ya vyombo vikapita humo. Ni wangapi mle ndani waliojua jina la Osprey? Maji yaliyosafishwa hayaonyeshi kitu. Ni maji tu.

Siitukuzi vita, wala silinganishi damu ya yeyote na ya Mwokozi wetu. Lakini tangu niwasome hao 6, neno mtangulizi nalisikia kwa uzito mwingine: ni yule anayepita kabla njia haijawa salama, ili wewe uikute salama.

Utotoni tulikwenda ibada ya alfajiri kwa kijia chenye majani marefu. Mama alitangulia na fimbo, akipukutisha umande na kufukuza nyoka. Tulifika kanisani miguu mikavu, naye ameinama mlangoni anakamua pindo la khanga yake. Hatukuwahi kumuuliza mbona amelowa.