Ubora wa picha za ventrikali ya kushoto: anza na pigo, namba baadaye

Ukifungua picha za eksirei za ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini), usikimbilie kuchora mipaka ili upate EF, yaani asilimia ya damu ambayo chumba hicho hutoa kwa kila pigo. Kompyuta hutoa asilimia hata kwa picha mbovu, na ikishaingia kwenye faili la mgonjwa hakuna atakayejua ilitoka wapi.

Tazama ECG (mchoro wa umeme wa moyo) kwanza. Katheta (mrija mwembamba unaoingizwa moyoni) ikigusa ukuta wakati dawa ya kuonyesha chumba kwenye eksirei inaingia, moyo hurusha mapigo ya ziada. Pigo la ziada halipimwi. Linalofuata nalo halipimwi, na hapa ndipo wengi hukosea: baada ya mtuo unaofuata pigo la ziada, ventrikali imejaa kupita kawaida, ikibana inabana kwa nguvu, EF inapanda bure. Mapigo hayo pia huweza kuivujisha kwa muda vali ya mitro, iliyo kati ya ventrikali na atriamu ya kushoto (chumba cha juu yake); ukiona dawa ikirudi atriamu katika mapigo ya ziada tu, usiandike kwamba vali ni mbovu. Tafuta pigo la kawaida lililotanguliwa na la kawaida, chumba kikiwa kimejaa dawa. Lisipopatikana, picha hizo hazifai kupimia.

Kisha kiasi cha dawa. Mtu mzima kwa kawaida hupewa ml 30 hadi 40, kwa kasi ya ml 10 hadi 15 kwa sekunde, kupitia katheta yenye ncha iliyojikunja na matundu ubavuni, ikae katikati ya chumba. Dawa ikiwa kidogo, ncha ya moyo hubaki hafifu, na ncha hafifu huonekana kama haichezi.

Kwa mshazari wa kulia wa nyuzi 30 (kamera ikiwa mbele, imeinamishwa kuelekea kulia kwa mgonjwa), fremu ionyeshe ncha yote, vali ya aota, na nafasi ya atriamu. Kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kikifunika ukuta wa chini, mgonjwa hakuvuta pumzi ya kutosha. Avute na kuizuia bila kujikamua, maana kujikamua hupunguza damu inayorudi moyoni. Mwanga mkali wa pafu unaokula ukingo wa moyo hutulizwa kwa kichujio cha kabari. Meza isisogezwe.

Fremu 15 kwa sekunde hutosha moyo ukienda polepole. Ukipiga mara 120 kwa dakika, kila pigo lina fremu 7 au 8 tu, na ile ya mwisho wa kubana hupotea kirahisi. Hapo 30 ni bora.

Kipimo cha ukubwa, yaani kitu chenye upana unaojulikana kinachotumiwa kugeuza picha kuwa milimita, nacho kina hila. Kosa la 10% kwenye urefu huwa 33% kwenye ujazo wa chumba, kwa sababu urefu huzidishwa kwa wenyewe mara tatu (1.1 × 1.1 × 1.1). EF haiathiriki, kwani ni uwiano, lakini mililita zote zimeharibika. Ukitumia katheta yenyewe kama kipimo, ile ya 6 French (namba ya unene wa katheta) ina upana wa mm 2, hivyo kukosea mm 0.2 kwenye ukingo wake kunatosha kuleta kosa hilo. Afadhali gridi au tufe la kipimo kinachojulikana, liwekwe usawa wa moyo.

Na ukuta usioonekana usichorwe kwa kukisia. Andika kwenye ripoti kwamba hauonekani, utaje na upande wake.