Mvua imenyesha wapi?

Kuna asubuhi nilifika nikashusha mguu nisimamishe pikipiki, mguu ukagoma. Naona kabisa kiatu kimegusa chini ila goti limekufa ganzi kwa baridi ya njiani, pikipiki ikaanza kulala kushoto nikaing'ang'ania kwa mikono na tumbo mpaka jamaa mmoja akaja kunisaidia, anacheka huyo. Na siku hiyo juu nilikuwa nimejipanga, jaketi zito, glovu, skafu mpaka puani, chini sasa, jinzi tupu. Ndo kosa letu wengi, tunavisha kifua kama mtoto mchanga, magoti ambayo ndo yamekaa mbele kama bampa tunayaacha hivohivo, na goti lenyewe halina nyama, ni mfupa na ngozi tu.

Jinzi isikudanganye na uzito wake bana. Ile ni pamba, upepo unapita, na ikilowa kidogo tu inashika maji kutwa nzima. Nimewahi kuvaa mbili kwa pamoja, nikawa natembea kama nina plasta ya hospitali miguu yote na baridi ikawa ileile. Baadae ndo nikaja kuelewa kwamba kinachotutesa sio hali ya hewa sana, ni upepo tunaoutengeneza wenyewe kwa spidi. Nyuzi 10 ukiwa umesimama ni sweta tu unamaliza, ukifika spidi 80 ngozi iliyo wazi inaisikia kama nyuzi 4 hivi, na kukiwa na nyuzi 5 ndo kabisa, unasikia chini ya sifuri.

Kilichoniokoa ni suruali ya mvua. Ile ya nailoni nyepesi kabisa, navaa hata jua likiwa linawaka, kazi yake ni kuzuia upepo basi. Ndani taitsi ya sufu au polista (sio pamba, pamba inakunywa jasho halafu inakugandisha), katikati suruali ya kawaida iliyolegea kidogo. Kulegea ni muhimu, ukibana sana damu haitembei vizuri na ile hewa kidogo inayotunza joto katikati ya nguo inakosa pa kukaa.

Halafu kuna kifundo cha mguu. Ukikaa kwenye siti suruali inapanda, panabaki uwazi wa vidole viwili vya ngozi, na upepo ukishapapata hapo unapanda nao mpaka mapajani. Mi navaa soksi ndefu napandisha juu ya taitsi, suruali ya mvua inashuka nje ya buti, isiingie ndani maana mvua ikija kweli buti linakuwa ndoo, kisha nafunga na kipande cha tyubu ya zamani, hapo na cheni nayo haipati cha kung'ata. Ila angalia ekzosi! Nailoni ikigusa inayeyuka, yangu ina tundu upande wa kulia na harufu ile sijaisahau.

Gazeti kwenye magoti, kati ya suruali na suruali, linafanya kazi kweli, sema ukitembea unachakarisha kama panya darini.

Na kifua usikiache pia, tumbo likipoa mwili unabana damu ya miguuni ili kulinda huko ndani, kwa hiyo zipu ikiwa wazi hata uvae taitsi tatu utapata shida tu. Nguo za umeme, zile zinazopashwa joto na betri ya pikipiki, sijajaribu, pikipiki yangu ndogo na chaji yake sidhani kama itabeba.

Safari ikiwa ndefu nasimama kabla ganzi haijaingia, maana mguu wa kulia ndo breki ya nyuma na wa kushoto ndo gia, nikianza kukanyaga breki bila kujua nimekanyaga kiasi gani napaki pembeni natembeatembea, dakika tano kumi, hata nikichelewa. Nikifika navua suruali ya mvua palepale nje, jua kali, na lazima atokee mtu aniulize mvua imenyesha wapi.