Chumvi ya Buluu

Jumamosi binti yangu alipekua boksi langu la vifaa akitafuta bisibisi ndogo ya kufungulia rimoti. Akatoka na kile kichuma chenye kichwa kama uyoga, akakifuta kwa upindo wa gauni, akakisogeza karibu na uso.

"Baba, naona jicho langu humu."

Kisha akauliza kinauzwa shilingi ngapi. Nikakichukua, na mpaka anarudi kwenye rimoti yake nilikuwa sijamjibu.

Ni tapeti, kichuma cha kusukumia valvu, ya Lycoming O-320, injini ya silinda nne iliyokuwa kwenye ndege ndogo aina ya Cessna 172 ya Malindi. Ilikuwa 2009, nina miaka mitatu ya ufundi wa ndege kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, chini ya Mzee, mkuu wangu wa kazi. Mteja wetu alikuwa na 172 yake na alitaka ya pili ya kutolea vipuri. Cessna waliacha kuunda ndege hizi 1986, wakarudi miaka kumi baadaye, na kwa wenye ndege za zamani mlango mzima, mhimili wa bawa usiopinda au kipande cha mkia kisicho na kutu ni vitu vya kusafiria usiku kucha. Tulipanda basi la Mombasa, asubuhi tukashika matatu ya Malindi.

Mama mwenye ndege alitupokea kwa chai na mahamri, akatupeleka stoo nyuma ya nyumba. Mumewe alikuwa rubani. Aliifungua ndege mwaka 1998 ili aikarabati mwenyewe taratibu, akafariki mwaka huohuo. Tangu hapo ilikuwa vipande: bodi juu ya matairi yaliyoisha upepo, mabawa mawili ukutani, injini ndani ya kreti la mbao.

Mzee hakugusa kitu. Aliomba kwanza vitabu vya kumbukumbu za ndege. Ndivyo alivyokuwa, na mpaka leo nafanya vilevile, kwa sababu kipuri cha ndege ni chuma pamoja na historia yake. Ukikosa historia, umebaki na chuma. Mama akaleta sanduku la bati. Kitabu cha bodi kilikuwepo, kimefungwa kwa nailoni. Kitabu cha injini hakikuwepo. Kuna mtu alikuja miaka ya nyuma akisema anataka kununua, akaomba kwenda nacho akakisome, hakurudi tena. Mama alilisema hilo akiangalia chini, kama kosa lilikuwa lake.

Mabawa yalinifurahisha. Marehemu aliyasimamisha kwa ukingo wa mbele juu ya magodoro ya sponji, akayafunika shuka, si turubai ya plastiki inayofungia unyevu. Nilipita ribiti, vile vipini vya kuunganishia bati, moja baada ya nyingine kwa tochi. Ribiti iliyolegea huacha mstari mweusi nyuma yake kama moshi, sikuuona. Kwenye bodi mambo yalikuwa tofauti. Panya walijenga chini ya sakafu, na mkojo wa panya hula alumini kuliko watu wanavyodhani. Nilipoinua zulia, unga mweupe ulikuwa umejaa kwenye maungio, na bati lilikuwa limeanza kuachana tabakatabaka kama chapati ya maji iliyokauka. Hewa ya chumvi ya Malindi ilimalizia kazi. Propela ilikuwa imenyooka, haina alama za kupigwa tupa. Redio na saa za dashibodi tuliziandika kwa mstari mmoja tu; jairo, saa yenye gurudumu linalozunguka ndani yake, ikikaa muda wote huo bila kuzunguka huuzwa kwa matumaini.

Halafu tukafungua kreti.

Nilitegemea kukuta plagi za kawaida au matundu matupu yaliyojengwa na nyigu. Nikakuta, juu ya kila silinda, plagi ya plastiki inayopitisha mwanga, imejaa chembe za buluu. Zile ni chembe za kunyonya unyevu. Zikiwa kavu ni buluu, zikishiba maji hugeuka waridi. Zinawekwa injini inapolazwa, na katika hewa ya pwani baada ya miezi michache tu huwa zimekwisha kuwa waridi. Hizi zilikuwa buluu kama wino wa shule.

Nilimtazama Mzee. Mzee alimtazama Mama.

"Zikibadilika rangi nazikaanga," Mama akasema. "Marehemu alinionyesha kabla hajalazwa. Nazimwaga kwenye sufuria, moto mdogo wa makaa, nageuza kama bisi mpaka zirudi buluu. Wakati wa masika kila wiki mbili. Kaskazi ikivuma napumzika kidogo."

"Tangu lini, Mama?"

"Si tangu alipoondoka? Miaka kumi na moja."

Sikuwahi kusikia jambo kama hilo, na sijasikia tena. Fundi wa ndege akiambiwa injini imelala mwaka mmoja tu, huanza kuiogopa kemshafti, shafti yenye vijongo vya kusukumia tapeti. Katika Lycoming kemshafti iko juu ya krenkishafti, shafti kuu inayozungusha propela. Injini ikilala, mafuta hushuka chini, na kemshafti ndiyo ya kwanza kubaki uchi. Kutu ikishaingia pale hutoboa vishimo vidogo, tapeti nazo huanza kumenyeka, na siku injini inapowashwa chembe za chuma hutembea mwili mzima. Kwa hiyo Mzee akamwomba Mama ruhusa, tukatoa silinda moja. Nikaingiza kioo kidogo kama cha daktari wa meno, nikamulika juu.

Ilikuwa inang'aa. Mafuta mazito ya kuhifadhia, yale aliyoyamimina marehemu, bado yalikuwa utando juu yake, rangi ya asali. Nilizungusha krenkishafti polepole kwa mkono na kila kijongo cha kemshafti nilichoweza kukiona kikapita mbele ya kioo kikiwa safi. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilisikia anavyovuta pumzi na kuishikilia. Nikampisha atazame, naye akainama, akashika tochi mwenyewe, akakaa pale muda mrefu.

Mzee akasafisha mikono kwa kitambaa. "Haya kijana. Taja."

Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuachiwa. Nilitaja mabawa, milango, mihimili, propela, kila kimoja na bei yake. Kwa injini nikasema shilingi laki tatu. Hiyo ni bei ya injini ya kufumuliwa na kuundwa upya. Hesabu yake haikuwa ngumu: bila kitabu hakuna ajuaye imeruka saa ngapi kati ya zile 2,000 ambazo mtengenezaji anashauri, na miaka 12 anayoiweka kama kikomo ilikuwa imepita au inakaribia. Mnunuzi angelazimika kuifungua yote.

Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akagusa plagi moja. "Na hizi?"

Nikamjibu, "Hizo hazina bei, Mama."

Nilikusudia heshima. Nilikusudia kumwambia kwamba alichokifanya hakuna mnunuzi anayeweza kukilipa. Lakini neno lilikwishatoka, na mimi mwenyewe nikasikia upande wake wa pili. Uso wake haukubadilika. Akaanza kuzifungua zile plagi nne kwa vidole, moja moja, akazitia kwenye mfuko wa khanga yake.

"Basi hizi msichukue."

Tuliziba matundu kwa vitambaa. Lori likaja wiki iliyofuata.

Wilson tulipoipasua injini, krenkishafti ilipita ukaguzi wa nyufa, kemshafti ikapimwa ikarudishwa humohumo. Mteja aliokoa fedha nyingi. Tapeti alitaka mpya, ndipo nikaichukua hii moja. Nilimwuliza Mzee kama haifai tumrudie Mama na chochote. Akasema bei ilikuwa ya haki kwa kile tulichoweza kukithibitisha kwa maandishi. Nakubali. Nimetaja bei nyingi tangu siku hiyo kwa kanuni ileile. Ila mimi niliiona kemshafti kwa macho yangu kabla sijafungua mdomo, na hata elfu hamsini juu yake ningeweza kuitetea mbele ya yeyote. Kila nikiishika tapeti hii narudi kwenye hiyo elfu hamsini, na sijaelewa bado kama niliogopa mteja, au niliogopa kuonekana na Mzee kuwa nina moyo laini.

Nilimpigia Mama simu. Nilimwambia kemshafti haikuwa na doa hata moja la kutu.

"Kwa hiyo nilikuwa nafanya sawasawa?"

"Sawasawa kabisa, Mama."

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama huko Nairobi mvua inanyesha. Nikamwambia inanyesha, tangu asubuhi.