Vifaa vya kunyolea vya safarini kwa mtu wa pwani

Mtu akiniuliza anunue mashine gani ya kunyolea ndevu ya kusafiria, mimi humuuliza kwanza vitu vyake vitakauka wapi. Msafiri wa Tanga leo yumo kwenye boti ya Pemba, kesho yuko Lushoto, keshokutwa anapanda basi stendi ya Kange kwenda Dar, na mkoba wa kunyolea hauoni jua hata mara moja. Hewa ya huku ina unyevu na chumvi. Kilichofungwa kikiwa na maji hufunguliwa kikiwa na kutu au kinanuka. Kwa hiyo nachagua kwa kigezo kimoja tu: kila kinachoingia mkobani kiwe kikavu tangu dukani, au kiweze kukauka haraka.

Mashine ninayobeba ni ya chuma, ya kufunga wembe wa kawaida wa makali mawili, na ni ile ya vipande vitatu: kifuniko, bamba la chini na mpini. Ukizungusha mpini, vyote vinaachana, unasuuza, unafuta, unatia kwenye kopo dogo. Zipo zile ambazo ukizungusha kitako zinafunguka juu pande mbili. Kwa nyumbani hazina neno. Safarini ni usumbufu, maana ndani mna bawaba na vijiti ambako sabuni na chumvi hujikusanya, mwisho zinakwama zikiwa nusu wazi.

Unaponunua, kagua skurubu kuliko mng'aro. Vichwa vya mashine nyingi za bei ndogo ni vya aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Kromu hiyo ikibanduka kwenye nyuzi za skurubu, maji ya chumvi yanaila zinki chini kwa chini, na siku unakaza kidogo tu skurubu inabaki ndani ya mpini. Chuma cha pua ni kizito na bei yake imepanda, ila ndicho kinachostahimili pwani. Mpini wa sentimita nane unatosha.

Kwa nini wembe mmoja, na si zile zenye nyembe tatu au tano zilizopangwa? Kwa ndevu zetu za kujikunja sababu ni vipele. Wembe wa kwanza huvuta unywele, wa pili hukata, na unywele uliovutwa hurudi chini ya usawa wa ngozi. Ukianza kuota tena, ncha yake iliyochongoka inajipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani. Wembe mmoja hukata sawa na ngozi, basi. Ukiona bado unatoka vipele, achana na wembe kabisa, chukua mashine ndogo ya umeme inayoacha kama milimita moja. Hutaonekana laini, lakini shingo itapona. Ichague ya kutumia betri za kawaida za dukani kama unakwenda kusiko na umeme wa uhakika, na safarini geuza betri moja kichwa chini isije ikajiwasha ndani ya begi.

Kufunga wembe kuna utaratibu wake. Ushike kwenye ncha zake fupi, si kwenye makali. Uweke juu ya kifuniko kilichopinduliwa, funika na bamba, kaza mpini ukiwa umeminya kichwa, kisha tazama kwa mbele: makali yatokeze sawa pande zote mbili. Upande mmoja ukizidi, huo ndio utakaokukata. Legeza, sogeza, kaza tena.

Nyembe zenyewe nabeba paketi moja ya tano. Kwa ndevu za kawaida wembe mmoja unafaa mara nne mpaka sita, mimi nautoa baada ya nne. Hata wembe ulioandikwa kwamba haushiki kutu unashika, kwa sababu chumvi hutoboa ule utando mwembamba unaoukinga. Visima vingi vya huku vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake ni ya chumvichumvi, kwa hiyo suuza ya mwisho nafanya kwa kikombe cha maji ya kunywa. Nakung'uta, sifuti makali kwa taulo, maana taulo huyaua. Halafu tone moja la mafuta ya nazi kwenye kila kali. Hapa kuna jambo la kuangalia: mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Tanga yatakuwa maji na yatavuja, kwa hiyo chupa iwe ndogo, ya kifuniko cha kuzungusha, na usiijaze. Lushoto mwezi wa Julai utayachokoa kwa njiti ya kiberiti. Mafuta ya cherehani nayo yanafanya kazi, ila lazima uyaoshe kwa sabuni kabla wembe haujagusa uso.

Sabuni ya kunyolea, nunua ya kipande au ya mche, si ya kopo la kupuliza. Mche wa gramu 50 unakaa miezi, hauvuji, wala hauhesabiwi kwenye kikomo cha mililita 100 za vimiminika katika mkoba wa ndani ya ndege. Tatizo lake ni maji magumu: ukisugua kwa maji ya kisima unapata utando mweupe badala ya povu, kwa kuwa kalsiamu na magnesi hushikana na sabuni kabla haijafanya kazi. Kuongeza sabuni ni kuipoteza. Mimina robo lita ya maji ya chupa kwenye kikombe, hayo yanatosha kunyoa mara moja.

Burashi ya kupakia povu, kwa atakayeitaka, iwe ya nailoni. Inakauka haraka kuliko ya manyoya. Tena kwa Waislamu, ambao huku ndio wengi, ulizeni kabla ya kulipa: burashi nyingi za bei nafuu ni za manyoya ya nguruwe, na mara nyingi kwenye boksi imeandikwa tu kwamba ni asilia.

Kunyoa kwenyewe sirefushi. Kitambaa cha maji ya moto usoni dakika tatu, povu, wembe ulalie ngozi kwa nyuzi kama 30, bila kukandamiza, kufuata ndevu zinavyoelekea. Shingoni papasa kwanza kwa vidole, maana huko ndevu huzunguka.

Baada ya hapo, shabu, lile jiwe jeupe la kufunga damu. Kipande nusu ya sabuni ya kuogea, kinapatikana sokoni Ngamiani. Kiloweshe, kipitishe usoni, subiri dakika moja, osha. Kinawasha palipokatika na damu inasimama. Kikaushe, kifunge kwenye kitambaa chake peke yake. Shabu iliyolowa ni tindikali, ikikaa kopo moja na mashine itaila kromu kabla hata chumvi haijaanza.

Kuhusu ndege: wembe ulio peke yake hauruhusiwi kwenye mkoba wa mkononi. Uweke kwenye begi linaloingia chini, ndani ya paketi yake. Kama una mkoba wa mkononi tu, mashine isiyo na wembe kwa kawaida inapita, nyembe utanunua ufikako, au beba zile za plastiki za kutumia na kutupa. Neno la mwisho ni la afisa wa ukaguzi, usibishane naye. Ndege ndogo nyingi zinakomea kilo 15 za mizigo, na zinapenda begi laini, kwa hiyo kopo la bati lisilozidi kiganja linatosha vyote.

Usimwazime mtu mashine yako, hata mwenzako wa chumba kimoja. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai siku saba kwenye damu iliyokauka. Na wembe uliotumika usiutie kwenye pipa la gesti, anayezoa taka anaingiza mkono. Toboa mfereji mwembamba kwenye kopo tupu la nyanya ambalo halijafunguliwa kifuniko chote, tumbukiza humo, rudi nalo nyumbani. Likijaa, gonga ule mfereji kwa nyundo mpaka ufunge.