Jinsi nilivyowasaidia wanawake wa kikoba chetu kuacha kula kwa hofu

Wanawake kadhaa wa kikoba chetu cha Mbagala walikuwa wakishinda na chai ya rangi ili wapungue, kisha usiku, watoto wakishalala, wanamaliza kiporo cha wali wakiwa wamesimama jikoni, na kesho yake wanajiadhibu kwa kushinda njaa tena. Wao waliuita ulafi. Mimi, niliyesomea lishe, niliona njaa.

Niliwasimulia jaribio la Minnesota, Marekani, la miaka ya 1944 na 1945, ambapo wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa takriban miezi sita hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao, wakawa hawawazi ila chakula, na waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi bila kuhisi shibe. Kisa hicho kiliwaondolea aibu kuliko mawaidha yangu yote.

Tulikubaliana kula asubuhi, mchana na jioni, chakula kilekile cha nyumbani, wali ukiwamo, kila mmoja akiwa ameketi na sahani yake. Mizani niliiondoa ukumbini. Kauli ya "umenenepa" tuliipiga marufuku, na hapo ndipo palipokuwa pagumu, maana kwetu ni kama salamu. Kula kwa kificho usiku kulipungua kwanza, hofu ya wali ikafuata polepole. Mmoja aliyekuwa akijitapisha alihitaji zaidi ya haya, hivyo nilimsindikiza kwa daktari, ambaye alimwunganisha na mtaalamu wa saikolojia.