Kiazi kimelegea mkononi mwangu

Leo maabara ilikuwa zamu ya osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi. Vipande vya kiazi vya sentimita 5, kimoja kwenye maji matupu, vingine kwenye maji ya chumvi ya viwango tofauti.

Baadaye tukavitoa, tukavipangusa, tukapima.

Cha maji matupu kimekuwa kigumu. Ukikipinda, kinakatika, ka!

Cha chumvi nyingi kikajikunja kidoleni kama utepe. Jamani, nimekishika nisitake kukiachia! Maji yametoka kwenye seli, yakapenya utando kuelekea kwenye chumvi, na hakuna aliyeyasukuma.

Ila kilichonigusa zaidi ni kimoja cha maji ya chumvi ya kiwango cha katikati. Uzito wake haukubadilika. Maji yanaingia na kutoka kwa kasi ileile.

Nyie mlitumia kiazi au kitu kingine? Niambieni mliona nini.