Tarakimu tano zilizogeuka sifuri

Kwa miaka minne ya mwanzo kazini niliamini kwamba ninaijua Excel, programu ya kompyuta ya majedwali ya hesabu. Nilikuwa karani wa hesabu katika chama cha akiba na mikopo mjini Morogoro, na kila mwezi nilijumlisha marejesho, nikatafuta wastani, nikapaka rangi vichwa vya safu na kuchapisha taarifa ambayo bodi iliipokea bila malalamiko. Imani hiyo iliisha tulipotakiwa kuweka namba ya NIDA ya kila mwanachama katika orodha ya wakopaji.

Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kitambulisho. Kwa siku mbili niliziandika mfululizo, bila vistari, nikisoma kwenye nakala zilizokuwa katika majalada. Seli, yaani visanduku vya jedwali, zilionyesha kitu kama 1.98703E+19, nami nikadhani kwamba safu ni nyembamba tu. Nilipobadilisha muundo ili tarakimu zote zionekane, nilikuta kila namba inaishia na sifuri tano. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote; zinazozidi huzigeuza sifuri, na haikuonyi. Kuigeuza safu kuwa ya maandishi baada ya hapo hakukunisaidia, kwa sababu kilichopotea kilikuwa kimeshapotea. Nilianza upya, safari hii nikiiweka safu katika muundo wa maandishi kabla ya kuandika chochote. Kwa seli moja moja inatosha kutanguliza ritifaa, ileile tunayoiandika katika neno ng'ombe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba namba ya NIDA si namba kwa maana ya hesabu, kwa kuwa hakuna atakayejumlisha vitambulisho viwili. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Namba ya simu inayoanza na 07 ni vivyo hivyo, na ndiyo maana sifuri yake hupotea ukiiandika katika seli ya kawaida. Namba ya uanachama 00457 nayo hubaki 457, na fomula haitaioanisha na 00457 iliyoandikwa kama maandishi katika orodha nyingine. Katika hali hiyo utapata #N/A, yaani kilichotafutwa hakikupatikana, na mimi huishukuru alama hiyo, kwa sababu angalau inasema.

Linalonitia hofu zaidi ni jibu lisilo sahihi linalofanana na jibu sahihi. Mama mmoja alikuja dirishani akiwa na kitabu chake cha marejesho, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hili deni si langu." Lilikuwa la mwanachama mwingine. Katika VLOOKUP, fomula inayotafuta kitu katika orodha na kuleta taarifa zake, nilikuwa nimeacha sehemu ya nne, inayosema kama kinachotafutwa lazima kilingane kabisa, na sehemu hiyo ikikosekana, Excel huchukulia kwamba orodha imepangwa kwa mfuatano, kisha huridhika na kilicho karibu. Orodha yetu haikuwa imepangwa. Tangu siku ile siandiki VLOOKUP bila FALSE mwishoni, neno linaloiamuru isikubali kilicho karibu. XLOOKUP, fomula mpya ya kazi hiyohiyo, hutafuta kinacholingana kabisa bila kuambiwa, lakini haimo katika Excel za zamani ambazo ofisi nyingi bado zinazo, ikiwemo yetu.

Ukimya wa namna hii hauwaponzi makarani wadogo peke yao. Mwaka 2020 nchini Uingereza, wagonjwa 15,841 wa korona walichelewa kuingia katika takwimu za taifa kwa sababu matokeo ya maabara yalipitishwa katika faili la Excel la muundo wa zamani, ambao hauchukui zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa.

Baada ya hayo nilibomoa daftari letu la marejesho. Lilikuwa na kurasa 12, moja kwa kila mwezi, zenye seli zilizounganishwa na jumla ndogondogo katikati, na hakuna aliyeweza kujibu swali la mwaka mzima bila kukaa na kikokotoo. Niliyahamishia yote katika orodha moja ndefu yenye tarehe, namba ya mwanachama, aina ya malipo na kiasi, mstari mmoja kwa kila malipo. Jedwali pivoti, linalofupisha orodha ndefu kuwa jumla za makundi, nililoliogopa kwa miaka, lilinichukua asubuhi moja kujifunza, kwa sababu ugumu wote ulikuwa katika mpangilio wetu mbovu.

Juu ya orodha hiyo nimeweka seli tatu. Ya kwanza huhesabu kwa LEN, fomula inayopima urefu wa kilichoandikwa, namba za NIDA ambazo hazina tarakimu 20. Ya pili huhesabu malipo ambayo namba yake ya uanachama haimo katika rejista. Ya tatu huonyesha tofauti kati ya jumla yangu na taarifa ya benki. Sichapishi taarifa ya bodi mpaka zote tatu zisome sifuri.